Kifyatulio cha Bunduki ya Kuwindia

Leo twataka kuzungumza na ndugu zetu wasasi, na vijana wanaotamani kuwa wasasi.

Wakulima wa kusini mwa Unguja wawajua vyema nguruwe wa mwitu. Huja usiku wakafukua mihogo, na asubuhi mwenye shamba huona kazi ya miezi imekwisha. Kwa hiyo wasasi hukusanyika na mbwa na mikuki na nyavu, na pengine mwenye kibali huchukua bunduki. Naye akikosa shabaha, mara nyingi husema, "Kifyatulio ni kizito," akatafuta tupa akilainishe. Twamwambia, ngoja kwanza.

Bunduki ya komeo ni ile ifungwayo kwa komeo la chuma, kama tufungavyo mlango. Ndani ya komeo mna msumari wa kupigia fataki, nao husukumwa na kamani yenye nguvu. Msumari huo huzuiwa na jino dogo la chuma. Kidole kikivuta kifyatulio, jino huteleza, msumari ukaachiwa, risasi ikatoka. Jino likishika kidogo mno, hata kitako kikigonga jiwe laweza kutoka mahali pake.

Uzito wa kifyatulio hupimwa kwa mizani ya kamani, bunduki ikiwa tupu. Bunduki nyingi za kuwindia hufaa kwa ratili 3 au 4, yaani kilo 1.4 mpaka 1.8. Bunduki ya kale ya askari, kama Lee-Enfield, huvutwa kwa hatua mbili: ya kwanza ratili 3 mpaka 4, kisha hukaza mpaka ratili 5 hata 6 na nusu. Kukaza kule si ubovu; ndiko kumwambiako mpigaji kwamba risasi i karibu kutoka.

Bunduki nyingi za siku hizi zina parafujo ya kupunguza au kuongeza nguvu ya kamani ya kifyatulio. Hiyo yaweza kuguswa kwa kadiri ya kitabu cha bunduki. Lakini parafujo ya jino ni kazi ya fundi peke yake. Na tupa isikaribie kabisa, kwani jino mara nyingi hukomazwa kwa moto juu tu. Ukiondoa ngozi hiyo, chuma laini kilichobaki hulika upesi. Hata viwanda hukosea: mwaka 2014 kampuni ya Remington ya Marekani iliwataka wenye bunduki za Model 700 na Model Seven, zilizoundwa tangu Mei 2006 hadi Aprili 2014, wazirudishe, kwa sababu gundi iliyozidi katika kifyatulio ingeweza kuzifyatua bila kukusudia.

Kila kifyatulio kikiguswa, hapana budi kijaribiwe. Toa risasi zote, utazame ndani kwa macho na kupapasa kwa kidole. Funga komeo kwa nguvu mara kadhaa. Gonga kitako juu ya mkeka uliokunjwa. Tia kizuizi cha usalama, vuta kifyatulio, kiachie, kisha ondoa kizuizi. Msumari ukianguka hata mara moja, bunduki hiyo isitiwe risasi tena mpaka imefika kwa fundi.

Kisha mtazame kidole chako. Aliyekosa shabaha mara nyingi amekurupusha kidole, mtutu ukaenda upande. Bunduki ikiwa tupu, jizoeze kila siku kuvuta polepole kwa ncha ya kidole cha shahada, bila pumzi na bila haraka, hata usijue itafyatuka lini.

Ndugu zetu, mwituni kusini mawe ni mengi, na mguu hujikwaa. Mbele yako kuna mbwa, na nyuma ya mbwa kuna mtoto wa jirani yako. Nguruwe akikuponyoka leo, kesho atarudi. Risasi iliyotoka bila kutakwa hairudi. Majuto ni mjukuu.