Mtu akifungwa, tuhesabu saa



Hapa Uvira mtu akifungwa, familia inauliza kwanza: "Wanaomba ngapi?" Sisi vijana tunaomba tubadilishe lile swali. Tuulize: "Aliingia kasho saa ngapi?"

Katiba ya 2006, kipengele cha 18, inasema kasho ya polisi haipite saa 48. Mtu anapokamatwa, anaelezwa sababu palepale, kwa lugha anayosikia, na ana haki ya kujulisha familia na avoka. Saa 48 zikiisha, OPJ ana njia mbili tu: amuachilie, ao amupeleke parke pamoja na PV.

Ile PV si karatasi ya mchezo. Maneno yake yatakufuata mpaka mbele ya juji. Usitie sahihi mbele ya kusomewa yote. Kama kuna neno hukusema, omba lirekebishwe.

Kule parke, majistra anakusikiliza upya. Anaweza kufunga faili, ao kutoa hati ya kukushika kwa muda, na katika siku 5 ufikishwe kwa juji. Juji ndiye anaamua ubaki ndani: siku 15 kwanza, kiisha mwezi kwa mwezi. Uchunguzi ukiisha, faili inaenda tribinali ya amani kama adhabu haipite miaka 5. Ikipita, inaenda tribinali kubwa.

Na mwenye kuumizwa je? Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 inakataza kumaliza kesi ya ubakaji kwa faini ya polisi. Uchunguzi wa kwanza ni mwezi mmoja, hukumu ni miezi mitatu. Basi mbuzi na pesa za wazee hazifungi ile faili.

Musiseme haiwezekani. Fizi, tarehe 1 Januari 2011, askari walibaka wamama. Mahakama ya kijeshi ilitembea mpaka Baraka, wamama wakasema, na tarehe 21 Februari luteni-kanali Kibibi Mutware akahukumiwa miaka 20. Haikufika hata miezi miwili.

Kwa hiyo, ndugu yako akifungwa, andika tarehe, saa, na kasho gani. Saa 48 zikipita, tuite. Tutaenda parke pamoja, kwa amani, na ile karatasi mkononi, bila bahasha.

Tuko pamoja.