Dawa Ndani ya Yai: Kisa cha Quebec na Usugu wa Salmonela



Usugu wa dawa ukitajwa, wa kwanza kulaumiwa ni mgonjwa asiyemaliza dozi. Mada yangu inaanzia mbali na wodi, kwenye yai ambalo halijaanguliwa.

Nchini Kanada, viwanda vya kutotolesha vifaranga vilizoea kuchoma antibiotiki iitwayo seftiofuri ndani ya yai. Hakuna kifaranga aliyekuwa anaumwa. Walichoogopa wenye viwanda ni bakteria wa E. koli kuingia kitovuni na kuua vifaranga siku za mwanzo. Kwa hesabu ya biashara, jambo hilo linaeleweka. Lakini seftiofuri ni ya ukoo mmoja na seftriaksoni, sindano ambayo madaktari huitegemea bakteria wa Salmonela wanapoingia kwenye damu ya mtoto. Bakteria anayeishinda ya kwanza huishinda na ya pili.

Dawa haimfundishi bakteria kitu. Huua wanyonge na kumwachia uwanja yule mwenye jeni ya usugu. Jeni inayohusika hapa, blaCMY-2, kwa kawaida hukaa kwenye plasmidi, kipande cha DNA kinachohama toka bakteria mmoja hadi mwingine, hata toka E. koli kwenda Salmonela.

Mwaka 2004, asilimia 62 ya Salmonela ya aina ya Heidelberg iliyopatikana kwenye kuku wa madukani katika jimbo la Quebec ilikuwa sugu kwa seftiofuri. Kwa wagonjwa ilikuwa asilimia 36. Mapema mwaka 2005 viwanda vya jimbo hilo vikaacha sindano hiyo kwa hiari. Kufikia mwaka 2006, usugu ulishuka hadi asilimia 7 kwa kuku na 8 kwa watu. Dawa iliporudishwa kwa sehemu mwaka 2007, usugu wa E. koli kwenye kuku ukaanza kupanda tena. Mtakwimu atasema, na ni haki yake, kwamba mambo mawili kwenda pamoja si ushahidi kamili. Mimi nikiona usugu unashuka dawa ikiondoka na kupanda ikirudi, sihitaji kushawishiwa zaidi. Wafugaji wa kuku wa Kanada nao waliacha kutumia dawa za ukoo wa seftiofuri kama kinga mwaka 2014.

Kwetu Afrika, seftriaksoni ina uzito zaidi. Malawi na Kenya, Salmonela ya kwenye damu huwashika hasa watoto wenye malaria, utapiamlo au VVU, na nyingi tayari ni sugu kwa ampisilini, kloramfenikoli na kotrimoksazoli. Aina inayotawala huko, ST313, inadhaniwa kuenea zaidi baina ya watu, kwa hiyo tusimtwishe kuku lawama yote. Hata hivyo, mfugaji wetu hununua antibiotiki duka la mifugo bila cheti cha daktari, akaitia kwenye maji ya vifaranga wiki ya kwanza, wazima na wagonjwa sawasawa. Kumwambia mlaji apike kuku aive ni ushauri mzuri, kwani moto humuua bakteria sugu kama mwingine yeyote. Ila ubao wa kukatia na mikono ya mpishi havipiti motoni.

Kwa mjadala wa vikundi napendekeza tuanze na karatasi moja tu: risiti ya vifaranga. Kila kiwanda kiandike humo, pamoja na chanjo, antibiotiki iliyotumika kabla kifaranga hajauzwa, na kama haikutumika, kiandike hivyo.