Mashine Kwanza, au Fundi?



Mashine ya kushindilia matofali ya udongo na saruji ni nzuri. Hayachomwi, kuni zinabaki. Lakini yasipofunikwa na kumwagiwa maji juma zima yatapasuka, na mashine haipangi zamu wala haihesabu mifuko ya saruji. Hiyo ni kazi ya viongozi, na daftari lisomwe mbele ya wote!

Mnataka kukua? Sheria ya 2015 yatenga asilimia 30 ya zabuni za serikali, za kaunti pia, kwa vijana, wanawake na wenye ulemavu. Ila mkandarasi lazima asajiliwe na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, hata daraja la 8, la chini kabisa. Nao wanadai mkurugenzi aliyesomea ujenzi. Basi akiba ya kwanza imsomeshe kijana mmoja ufundi. Mashine itangoja.