Farasi Mwenye Mbawa: Wanasesere, Vijana na Kazi ya Mikono

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi, Kakamega)

  

Mada ya leo kuna watakaoiona ya kitoto. Tunazungumzia wanasesere, yaani wale watoto wa bandia, pamoja na vile vijisanamu vya mashujaa wa sinema ambavyo vijana wetu wanavinunua mitumbani, wanavirekebisha na kuvipanga chumbani. Mzazi mmoja aliniuliza, "Ustadh, kijana wangu ana katoni nzima ya hivi vitu chini ya kitanda. Nivichome?" Nikamwambia asubiri kwanza, asije akachoma vitu na moyo wa mtoto pamoja.

Tuanze nyumbani kwa Mtume (s.a.w.). Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Bi Aisha (r.a.) alikuwa na wanasesere, na wasichana wenzake walikuwa wakija kucheza naye. Mtume akiingia, wale wasichana walijificha kwa haya, naye akiwarudisha waendelee kucheza. Abu Dawud amepokea kisa kingine. Mtume alirudi kutoka vitani, upepo ukafunua pazia, akaona wanasesere, na katikati yao farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa. Akauliza, farasi ana mbawa? Bi Aisha akamjibu kwa kumkumbusha farasi wa Nabii Suleiman waliokuwa na mbawa. Mtume akacheka mpaka magego yake yakaonekana.

Ndugu zangu, hebu tukitazame kisa hiki vizuri. Yule farasi hakuwa farasi wa kawaida. Mtu alikaa, akafikiri, akakata kitambaa, akambandika mbawa. Na mbawa zile zilikuwa na hadithi nyuma yake, hadithi ya Nabii. Siku hizi kijana akichukua mwanasesere wa dukani akambadilisha nywele, nguo na sura, watu husema ameiga Wazungu. Kumbe kazi ya namna hii ni ya zamani.

Tuseme ukweli pia. Wanazuoni wengi wamezitegemea hadithi hizi kuruhusu wanasesere wa watoto, lakini wapo waliokaza, hasa kwa masanamu yenye sura kamili. Na kuweka masanamu kama pambo la sebuleni ni jambo ambalo wengi hawakuliruhusu. Kwa hiyo kijana, usichukue ruhusa ya mtoto mdogo ukaifanya ya kabati lako. Kaa na sheikh wako umuulize.

Sasa hawa wa dukani wametoka wapi? Barbie alitolewa Marekani na kampuni ya Mattel mwaka 1959. Mwaka 1964 kampuni ya Hasbro ikatoa G.I. Joe, mwanajeshi wa plastiki. Kwa kuwa waliogopa wavulana watakataa mwanasesere, walikwepa neno hilo wakambuni jina lingine la kiume. Biashara hiyo! Kwa hiyo ninyi wavulana mnaowacheka dada zenu, jueni nanyi mna wanasesere.

Waislamu nao hawakukaa kimya. Mwaka 2003 alianza kuuzwa Mashariki ya Kati mwanasesere aitwaye Fulla, mwenye abaya na msala wake. Lakini kisa kinachonifurahisha zaidi ni cha dada mmoja wa Nigeria, Haneefah Adam. Yeye hakungojea kiwanda. Alichukua Barbie wa kawaida, akamshonea hijabu na nguo za heshima, akampiga picha na kuziweka kwenye intaneti kwa jina Hijarbie. Mwaka 2016 dunia nzima ikamzungumzia. Mwaka uliofuata, 2017, Mattel wenyewe wakatangaza Barbie wa kwanza mwenye hijabu, kwa mfano wa Ibtihaj Muhammad, Mmarekani aliyeshinda medali ya shaba ya mchezo wa vitara katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Mmeona? Sindano ya msichana mmoja ilitangulia kampuni kubwa.

Basi kwa kijana mwenye katoni chini ya kitanda, nampa vipimo vitatu.

Kwanza, pesa. Kama unanunua kichezeo kwa nauli ya shule, au unakopa ili ukamilishe seti, hapo umeingia katika israfu. Qur'ani imewaita wabadhirifu ndugu wa mashetani.

Pili, wakati. Ukipaka rangi jicho la mwanasesere hadi adhana ya Alasiri inakupita, huyo mwanasesere amekuwa bwana wako.

Tatu, mikono. Kununua na kupanga tu hakukufunzi kitu. Kurekebisha kunafunza. Ukitoa nywele zilizokatika na kupandikiza nyuzi mpya kwa sindano, ukikata buibui dogo kwa kiumbe cha sentimita 29, umejifunza ushonaji, vipimo na subira. Fundi cherehani hujifunza hayo hayo. Ila wale wanaofuta rangi ya uso kwa asetoni, ile dawa ya kutoa rangi ya kucha, wafanye nje penye hewa, mbali na moto na watoto. Tena wajaribu kwanza mahali pasipoonekana, maana inayeyusha baadhi ya plastiki.

Na tusidhani lazima tuanze na plastiki. Sisi wa huku magharibi tumekulia vichezeo vya bure. Gunzi la mahindi na ndevu zake lilikuwa mtoto mwenye nywele. Maganda makavu ya mgomba yalisukwa mtu na mzigo wake. Waya ulikuwa lori, na udongo wa mtoni ulikuwa fahali, tena akapiganishwa na mwenzake kama wale wa Khayega. Vipande vya leso na kitenge anavyovitupa fundi wa soko vinatosha kuvisha wanasesere wa mtaa mzima.

Nafikia jambo la Ramadhan. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Bi Rubayyi' binti Mu'awwidh (r.a.) kwamba masahaba walipofunga Ashura waliwafungisha na watoto wao, wakawatengenezea vichezeo vya sufi. Mtoto akilia njaa, alipewa kichezeo ajishughulishe mpaka wakati wa kufuturu. Subhanallah! Hawakumpiga wala hawakumwita mvivu. Walimfanyia kitu kwa mikono yao.

Vijana, hii ndiyo kazi ninayowaachia. Mtaani kwenu yupo mtoto wa miaka saba au minane anayejaribu saumu yake ya kwanza, na saa kumi jioni inamwia ndefu. Mshoneeni kitu, au mmkarabatie kimoja kutoka ile katoni. Nanyi wazazi, kabla ya kuwasha kiberiti, kaeni na mtoto mmuulize kama Mtume alivyouliza: hiki ni nini? Halafu msikilize jibu. Huenda mkacheka pamoja.

Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu zetu, na azibariki nyumba zetu na watoto wetu. Amin. Wabillahi tawfiq, wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.