RISALA YA WAUGUZI WATATU WALIOSOMESHWA NA KIKUNDI



Leo kikundi kinatimiza miaka 10. Sisi watatu tunaosimama mbele yenu ni wauguzi. Ada zetu zilitoka katika lile sanduku la kufuli tatu, kwa mikopo ambayo mama zetu waliirejesha kidogo kidogo kwa fedha ya ndizi, ya maziwa na ya mitumba ya Kiborloni. Tumeombwa tuseme juu ya mafanikio. Kwa ruhusa yenu, tutaanza na siku ambazo mafanikio hayakuwapo, kwa sababu hapa wamo wadogo zetu walio vyuoni, na tunajua wapo wenye matokeo ambayo bado hawajayaonyesha nyumbani.

Ndugu wanakikundi, tulikwenda chuoni tukijiona hodari, maana kila mmoja alikuwa wa mbele katika sekondari yake. Muhula wa kwanza ulipokwisha matokeo yakabandikwa. Tulitafuta majina yetu juu, hatukuyaona; tukashuka, tukashuka, tukayakuta karibu na mwisho. C, C, tena C, na mmoja wetu alikuwa na somo la kurudia. Katika ngazi tuliyoanzia A ilikuwa pointi 4, B 3, C 2, na wastani uliotakiwa ili ufaulu ulikuwa 2.0. Sisi tulikuwa tunaning'inia hapo hapo kwenye mbili na kidogo.

Jioni ile hatukula. Mmoja alianza kufunga begi, akisema afadhali akauze duka Arusha. Kilichotuumiza zaidi ni kwamba Jumamosi ya wiki ile mama zetu walikuwa na marejesho. Mama alipopiga simu kuuliza, tulijibu, "Mtihani ulikuwa mzuri tu, mama." Tukaishi na uongo huo muhula mzima.

Likizo ilipofika tulikuja kikaoni kusaidia kuandika daftari. Siku ile mama mmoja alisimama akasema hana marejesho, ng'ombe wake amekufa, anaomba wiki tatu. Akatozwa faini, akapewa wiki tatu, kikao kikaendelea. Mwingine hakutokea kabisa, wala hakutuma mtu. Huyo ndiye aliyefuatwa nyumbani, na ndiye aliyesemwa. Njiani kurudi tulitazamana, maana tulijua sisi tuko upande gani. Usiku ule kila mmoja alimweleza mama yake ukweli. Mama mmoja alinyamaza sana, kisha akasema: "Deni likifichwa ndiyo linazaa. Sasa niambie, umepungukiwa wapi?"

Swali hilo ndilo lililotusaidia. Tuliporudi chuoni tulichukua karatasi zetu za mitihani, tukaenda kwa mwalimu, tukauliza tumepungukiwa wapi. Tukaona mambo mawili.

La kwanza ni lugha. Shule ya msingi tulisoma kwa Kiswahili, sekondari tukaingia Kiingereza cha kukariri. Wodini tulimwelewa mgonjwa vizuri. Kwenye karatasi hatukuelewa swali. Basi tukaanza kukutana kila Jumamosi, kama nyinyi. Sharti letu lilikuwa hili: kila mmoja alete somo lililomshinda, wala si lile analolijua. Tulieleweshana kwanza kwa Kiswahili mpaka jambo likae, ndipo tukaliandika kwa Kiingereza bila kutazama daftari.

La pili ni hesabu za dawa. Daktari ameandika miligramu 250; chupa ina miligramu 500 katika mililita 5. Utavuta ngapi? Tulikuwa tumekariri kanuni, tukiisahau tumekwisha. Mama mmoja muuza maziwa, tulipomsomea swali hilo jikoni, alijibu akiendelea kumenya ndizi: "Si nusu yake? Mbili na nusu." Tangu hapo tuliacha kukimbilia kanuni, tulijiuliza kwanza kama anavyojiuliza mwenye ndoo na kipimo chake. Hata dripu ya lita moja ya kwenda saa 8, kwa mpira wa matone 20 kwa mililita, tulijua inaangukia kwenye matone 42 hivi kwa dakika.

Wadogo zetu, tusidanganyane. Hatusemi kwamba C inatosha. Anayekosea dripu wodini hakosei karatasi, anakosea mtu. Tunachosema ni kwamba C inakuonyesha pa kuziba, nawe huwezi kuziba ukiwa umejificha.

Je, tulikuwa wa kwanza? Hapana. B ziliongezeka, C nyingine zilibaki mpaka mwisho, na mmoja wetu alihitimu kwa kufaulu kwa kawaida tu. Kwa alama hizo njia ya kusoma zaidi imekuwa ndefu kwake, na bado anaihangaikia. Lakini sote watatu tumesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, tuna leseni, na usiku wa zamu mama mwenye uchungu hatuulizi tulipata pointi ngapi. Anatushika mkono.

Mama zetu, tuna maombi mawili. Mtoto akileta matokeo ya wastani, kabla ya kumkumbusha ada, muulize kama sisi tulivyoulizwa: umepungukiwa wapi? Pili, tunaomba katika mfuko wa jamii litengwe fungu dogo kwa wanafunzi wanaorudia mtihani, ili mtoto asiache chuo kwa kuona haya ya kuomba fedha mara ya pili. Sisi watatu tunaanza leo. Bahasha yetu iko kwa Mama Mweka Hazina.

Yule aliyefunga begi jioni ile ndiye anayewasomea risala hii.