Abiria wa Katikati ya Njia: Maoni ya Mtumiaji wa Kawaida kuhusu Tiketi Mtandao



Nimeombwa nizungumze kama mtumiaji wa kawaida, na sifa hiyo ninayo kamili. Sijui kutengeneza programu hata moja. Simu yangu ni janja, ila kioo kimepasuka kona. Kazi yangu ni uwakala wa kutuma na kutoa pesa pale Dutwa, kando ya lami, na kazi hiyo inakupitisha kwenye simu za watu wengi kuliko yako mwenyewe. Mtu akipata ujumbe asiouelewa, anakuja dirishani kwangu. Siku hizi ujumbe wenyewe mara nyingi ni tiketi ya basi.

Dutwa ipo njiani. Basi likitoka Nyamhongolo kule Mwanza linapita Magu, linaiacha barabara ya Musoma pale Lamadi, linatufikia sisi, ndipo linaendelea Nyakabindi na Bariadi. Kwa dereva, Dutwa ni mahali; anajua nani hushukia mnadani na nani atagonga bodi karibu na mti. Lakini katika mfumo wa kampuni moja niliyokuwa nikiwakatia watu tiketi zake, Dutwa haikuwapo. Nilifungua orodha ya vituo nikaona Mwanza, nikaona Bariadi, basi. Ilinibidi nimwandikie mama wa Dutwa tiketi ya Bariadi na kumtoza nauli ya Bariadi. Akaniuliza, “Sasa mwanangu, huko mbele kwenye kiti changu atakuwa amekaa nani?” Sikuwa na jibu. Kiti chake kingebaki wazi akishuka Dutwa, kisha konda angempakia mwingine papo hapo.

Msiseme ni hela ndogo. Nauli za mabasi ya mikoani hupangwa na LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, kwa kilomita. Viwango vilivyotangazwa mwishoni mwa 2023 vilikuwa shilingi 48.47 kwa kila abiria kwa kilomita katika basi la daraja la kawaida, na shilingi 67.84 kwa daraja la kati. Kilomita 20 ambazo hukuzisafiri ni kama shilingi 970 kwa basi la kawaida, na mama huyu huenda Mwanza kila wiki. Kanuni inahesabu kilomita moja moja. Mashine inahesabu mwanzo na mwisho. Anayelipia tofauti hiyo ni abiria wa katikati.

Konda ndiye aliyekuwa na dawa. Alichomoa biro, akaigeuza tiketi, akaandika nyuma “Dutwa” na nauli waliyopatana. Nilimsifu, halafu nikajiuliza: mbele ya karatasi kuna nauli moja, nyuma kuna nyingine, tajiri mwenye basi anaiona ipi? Tiketi mtandao ililetwa, pamoja na mengine, ili fedha iliyolipwa ionekane. Kumbe kosa dogo la orodha ya vituo linairudisha biashara yote kwenye biro.

Wenzetu Kenya walionja jambo la jamii hii. Mwaka 2013 Google na benki ya Equity walileta kadi ya BebaPay ili abiria wa matatu wa Nairobi walipe kwa kugusa tu. Mwaka uliofuata serikali nayo ikatia nguvu kwamba fedha taslimu zitoke ndani ya matatu. Kufikia 2015 BebaPay ilikuwa imefungwa. Wapo wanaosema makondakta waliua kadi kwa uroho wao. Mimi naona hilo ni nusu ya habari. Gari la abiria huishi kwa noti za siku ile ile: mafuta ya tripu inayofuata, pancha, mpiga debe, chakula cha dereva, na hesabu ya tajiri jioni. Fedha inayokwenda benki kwanza haiwezi kununua mafuta saa hiyo. Mtengenezaji aliyekaa siku tatu mlangoni mwa Coaster angeyaona hayo kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa programu yake.

Nije kwenye saa, kwa sababu hapo ndipo watu wanapoachwa.

Sisi tunaanza kuhesabu jua linapochomoza. Programu inaanza kuhesabu usiku wa manane. Tofauti ni saa sita kamili, na tiketi haisemi ni saa ya nani. Mzee mmoja alitumiwa na mwanawe tiketi iliyoandikwa 11:30. Mjukuu akamsomea kumi na moja na nusu. Mzee akajihimu, akafika barabarani giza halijatoka, na kikapu chake na kuku wawili. Basi lilikuja saa tano na nusu. Huyo alikuwa na bahati, maana aliwahi; kosa likigeuka upande wa pili, unabaki na vumbi.

Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, jambo limekuwa gumu zaidi. Tiketi inasema Jumamosi, 00:30. Kwa mashine, Jumamosi imeshaanza. Kwa mtu wa Dutwa, saa sita na nusu usiku wa Jumamosi ni baada ya kuuona mchana wa Jumamosi, akala na chakula cha jioni. Anafika, anaambiwa gari lake limeondoka jana. Na lugha yetu inayo dawa ya kale ambayo kila redio huitumia ikitangaza msiba au ajali: usiku wa kuamkia Jumamosi. Maneno matatu tu kabla ya jina la siku, wala hayahitaji bando.

Msinielewe vibaya, sikuja kulaani mitambo. Kuna mmoja ninaoupenda. Ni ule wa kufuatilia mwendo wa mabasi, unaolia ndani ya gari dereva akivuka kilomita 80 kwa saa. Ule mlio haumwombi bibi afungue akaunti wala akumbuke nywila. Unalia, na abiria wote wanajua, wenye simu janja na wenye kiswaswadu. Nimesikia basi zima likimwambia dereva “Suka, punguza!” kwa sababu ya mlio huo.

Kuhusu Kiswahili nitasema kidogo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya kuandikia na kupigia hesabu kwa Kiswahili. Ikiwa hilo liliwezekana wakati huo, sioni kinachoishinda tiketi ya basi, karatasi yenye mistari kumi, kusema “fika nusu saa kabla” kwa lugha ya anayesafiri.

Ombi langu kwa watengenezaji wa mifumo ya tiketi mlioko hapa ni hili: kabla ya kuongeza vitufe vipya, pandeni gari Nyamhongolo mkae karibu na konda hadi Bariadi, mkiandika kila mahali anaposhusha. Hiyo ndiyo orodha ya vituo. Saa ziandikeni mara mbili, 11:30 na chini yake saa tano na nusu asubuhi.

Nimekuja na tiketi saba ambazo wateja wangu waliniachia. Zote mbele zimeandikwa Bariadi. Namkabidhi katibu wa mkutano huu, naomba mnapozipitisha mezani muanze kusoma upande wa nyuma, na zile mbili zilizolowa mvua mzishike kwa uangalifu, wino wa biro umeanza kufutika.