Mlituitia Nini?

Msikilizaji, kama hujapita Mji wa Kale hapa Mombasa siku nyingi, pita leo baada ya sala ya alasiri. Fuata Ndia Kuu, zunguka Kibokoni, uhesabu mabaraza. Nasema lile benchi la mawe lililojengwa pamoja na nyumba yenyewe, penye bao, kahawa tungu na kashata. Mengine yamevunjwa pakawekwa vibanda. Mengine yamezibwa na pikipiki, hata mzee mwenye mkongojo hana pa kupitia, seuze pa kukaa.

Tukizitaja haki za wazee, aghalabu twaishia kwenye zile shilingi 2,000 kwa mwezi za mpango wa Serikali wa Inua Jamii. Pesa ni lazima, sibishi. Dawa hainunuliwi kwa shairi. Lakini Katiba ya Kenya ya 2010 haikuishia mfukoni. Kifungu cha 57 kinaitaka Serikali ihakikishe wazee wanashiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, na cha 44 kinampa kila mtu haki ya kutumia lugha yake na kushiriki utamaduni anaoutaka. Kushiriki, sio kuonyeshwa.

Mwaka mmoja nilikwenda tamasha hapa mjini, jina nalihifadhi. Akina bibi wa ngoma ya vugo walifika mapema, leso mpya, pembe na vijiti mkononi. Wakakalishwa juani kwenye viti vya plastiki, wakapigwa picha mpaka basi. Zamu yao ilipofika, hawajakolea hata wimbo wa kwanza, maikrofoni ikazimwa: mgeni rasmi ameingia. Bibi mmoja akaifunga pembe yake kwenye leso, taratibu, kama anayevisha mtoto. Akauliza, wala si kwa hasira, "Kwani mlituitia nini?" Hakujibiwa. Nami nilikuwa karibu, nikanyamaza.

Marehemu Ustadh Ahmed Sheikh Nabhany, mshairi mzaliwa wa Lamu aliyeishi na kufa hapa Mombasa mwaka 2017, ushairi alifundishwa na nyanyake. Hakupelekwa tamashani kumtazama. Alikaa naye, akasikia, akakosolewa. Ndipo akaweza kutunga Sambo ya Kiwandeo, utenzi unaoeleza jinsi chombo kinavyoundwa, na majina ya vipande vyake, ambayo mafundi wanaoyajua wanazidi kuadimika. Ulichapishwa 1979. Wapi? Leiden, Uholanzi. Wageni walivuka bahari kuja kumuuliza mzee huyu maneno, na wengi wetu tulikuwa mtaa wa pili, tukitazama runinga, neno ambalo yeye ndiye anayetajwa kuwa mbunifu wake.

Kwa hivyo nawaomba waandalizi wa matamasha na wakuu wa kaunti: wazee waitwe siku ya kupanga, sio siku ya kupigwa picha. Wao waseme ngoma ianze saa ngapi, ichezwe wapi, wafundishwe akina nani, na walipwe kama anavyolipwa msanii wa miaka 25. Ukumbi uwe hauna ngazi za kuwavunja magoti. Na walimu wa Kiswahili kisiwani, somo moja kwa muhula lifanyieni barazani. Nauli ya kutoka Tononoka hadi Kibokoni ni miguu tu.

Na wewe mwenye pikipiki, iondoe barazani kabla ya alasiri.